Koti Lililobaki Juu ya Mizani

Baba, leo umetimia mwaka tangu ulipotoka kwa mlango wa karakana na mbwa wako wawili, shanta mgongoni, ukiimba kwa pua, ukaenda mlimani bila koti.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani. Kalamu anayo binti yako, lakini maneno mengi ni ya mama, na amesimama hapa nyuma ya kiti, mikono kiunoni, anasoma kila mstari kabla wino haujakauka. Gazeti limetupa nafasi kubwa kuliko kawaida kwa sababu tumeiomba. Matangazo ya namna hii huwa mafupi: ulikuwa nguzo, ulikuwa taa, pumzika. Baba mkubwa, kaka yako, alitaka hayo hayo, hata akatuletea karatasi yenye maneno tayari. Mama aliisoma, akaikunja mara nne, akaiingiza chini ya mguu wa meza unaoyumba.

"Nguzo!" akasema. "Nguzo gani inayosahau kujivika?"

Kwa hiyo utuwie radhi, na wasomaji watuwie radhi. Tuna hasira. Tumekaa nazo mwaka mzima, na kuna mtu mmoja asiye na hatia ambaye zimemwangukia yeye. Leo tunamtoa lawamani.

Lakini kwanza tuseme ulivyokuwa, maana hapo hakuna ubishi.

Ulikuwa fundi mizani kwa miaka thelathini na minne. Hakuna duka mtaani ambalo mizani yake haikulala juu ya meza yako. Chumba chako kilikuwa kirefu na chembamba, kinanuka mafuta ya mashine, na mawe ya mizani ya shaba yalikaa ndani ya sanduku la mbao, kila jiwe na tundu lake, kuanzia la kilo tano mpaka kale ka gramu moja kanakoshikwa kwa kibano. Ole wake aliyeyagusa kwa kidole kitupu. "Jasho nalo lina uzito," ulikuwa ukisema, na ulikuwa hutanii.

Mjomba, yule mwenye bucha, alikuja siku moja kwa unyenyekevu mwingi akakuomba uilegeze mizani yake kidogo tu, kidogo sana, nani atajua. Ukamwambia, "Shemeji, hii mizani haikujui." Akanuna miezi mitatu. Mwezi wa nne alirudi kula chakula cha mchana kana kwamba hakukuwa na neno, na mpaka leo anawasimulia wateja wake kisa hicho kwa majivuno, utadhani aliyekataa ni yeye.

Mizani za kupimia watoto wachanga kule zahanati ulizitengeneza bure. Ulichoomba ni kimoja tu, uachiwe umpime mtoto wa kwanza kwa mkono wako. Wauguzi walikucheka. Ulikuwa unarudi nyumbani umenyooka mgongo, unatutangazia: "Kilo tatu na gramu mia nne. Wa kike. Ana sauti huyo!"

Ulipima kila kitu. Ulipima vitunguu, barua, mkoba wa shule wa binti yako, na wajukuu uliwaning'iniza kwenye kapu wakipiga kelele za furaha. Shanta lako la mlimani ulilipima kila Jumamosi jioni. Daktari wa magoti alikuambia usibebe zaidi ya kilo sita, nawe ukaligeuza neno lake kuwa sheria. Kilo sita. Si sita na robo.

"Na ubishi wako," mama akakuuliza, "huo una kilo ngapi?"

"Huo nimeuzoea. Goti haliulalamikii."

Mbwa nao ulikuwa ukiwapima. Kulikuwa na Kiherehere, mdogo, mwembamba, asiyetulia hata usingizini. Na kulikuwa na Bi Mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, masikio ya kijivu na nyonga zilizochoka. Jirani mpya alipokusikia ukiita "Bi Mkubwa, njoo ule," alimwendea mama kwa huruma nyingi, akamshika mkono, akamuuliza wanaishije humo ndani wawili. Mama akamjibu, "Vizuri tu. Mwenzangu haombi nguo, na yeye ndiye anayelala miguuni." Jirani alichukua wiki nzima kuelewa.

Na alikuwepo rafiki yako, kinyozi, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Jumapili za miaka kumi na tisa mlipanda mlima pamoja. Mlianza kubishana kwenye lango la mlima, mkafika Begani, pale mgongo wa mlima unapotulia, mnabishana, mkala mkate juu ya jiwe mnabishana, na kushuka mkaanza ubishi mpya. Mlinzi wa lango alikuwa anawaandika kwenye daftari lake kwa kuwasikia tu, hata hainui kichwa.

Kinyozi alifiwa na mkewe zamani. Ndiyo sababu mama, mwaka juzi, aliponunua koti la mvua la rangi ya kiini cha yai ili uonekane kwenye ukungu, alinunua mawili. Moja lako, moja lake. "Nani atamnunulia?" alisema. Mlipoyavaa mkasimama karakana mkionyeshana, mlikuwa kichekesho cha mama peke yake.

Sasa tufike kwenye ile Jumapili. Mama anasema tusizunguke.

Wiki ile nzima wewe na mama mligombana juu ya Bi Mkubwa. Mama alisema mbwa amezeeka, aachwe alale. Wewe ukasema ukimwacha analia langoni mpaka unarudi, nawe unamsikia masikioni njia nzima. Ukamshonea mbeleko ya turubai, yenye mikanda na vifungo vya chuma, ili nyonga zikigoma umbebe mgongoni. Mama alipoiona alipandwa na hasira.

"Yaani goti lako haliwezi kubeba kilo saba za chakula na nguo, ila linaweza kubeba mbwa?"

"Ni kwa dharura tu, mama watoto."

"Dharura ni wewe mwenyewe!"

Mlilala hamkusemezana. Asubuhi kulikuwa kweupe, jua limewaka, mlima umekaa wazi mpaka mawe ya juu yanahesabika. Ukaweka tena shanta kwenye mizani. Pamoja na mbeleko lilikuwa kilo saba na gramu mia mbili. Ukatafuta kitu cha kutoa. Koti lilikuwa kilo moja na gramu mia mbili kamili, umelipima mwenyewe siku lilipoletwa. Ukalitoa, ukaliacha hapo hapo juu ya sahani ya mizani. Shanta likawa kilo sita. Saa moja na nusu ukaondoka, na hukumuaga mama.

Hapa ndipo tunapokukasirikia, baba. Mtu aliyepima kila kitu maishani mwake, siku moja tu alipotakiwa kutumia akili badala ya mizani, aliisikiliza mizani. Bi Mkubwa ana kilo kumi na tisa. Kumi na tisa! Ulijua, uliziandika mwenyewe ukutani jana yake. Ulikuwa tayari kumbeba mnyama wa kilo kumi na tisa, lakini si koti lako.

Yaliyofuata tunayajua kwa kinyozi. Mlifika Begani saa sita, jua bado kali. Saa sita na nusu wingu likatokea nyuma ya mlima bila hodi, ikaanguka mvua ya mawe, mkajibanza chini ya jiwe mkicheka. Ikakatika. Jua likarudi, mkatandaza soksi. Mkadhani imekwisha. Kisha ukashuka ukungu na mvua yenyewe ikaja, ya baridi, ya kukata, ikiletwa na upepo kutoka pande zote. Bi Mkubwa akakaa chini, akakataa kunyanyuka. Ukamtia kwenye mbeleko. Hatua mia moja tu goti likagoma.

Ukamtuma kinyozi ashuke akalete watu. Akaenda na Kiherehere, kwa sababu Kiherehere ndiye aliyeweza kuiona njia. Alifika langoni saa kumi, anakohoa, hahisi vidole. Mlinzi akasema kuna utaratibu, hakuna kupanda mpaka ukungu utoke. Kinyozi alimtukana matusi ambayo hatuwezi kuyachapa. Wakapanda saa kumi na moja wakiwa wanne, wakaita, hawakusikia kitu, giza likawarudisha.

Walikupata asubuhi, pembeni ya kijito, umeegemea jiwe. Fulana ya ndani na suruali, basi. Sweta lako lilikuwa limemzunguka Bi Mkubwa, naye alikuwa hai, amelala kifuani pako. Alikataa kutoka. Ilibidi wamnyanyue watu wawili.

Msibani ndipo baba mkubwa aliponyanyuka. Alikuwa ameongea na mlinzi wa lango, na mlinzi alimwambia kwamba kinyozi alishuka amevaa koti la njano. Baba mkubwa alilijua koti la njano. Alikuona nalo. Hakujua kwamba yalikuwa mawili.

"Hilo koti ni la nani?" akamuuliza kinyozi mbele za watu, uani, watu wamejaa mpaka ukutani.

"Langu. Shemeji alininunulia."

"Mke wa mtu akununulie wewe koti?" Baba mkubwa akacheka kicheko kile chake kisicho na kicheko. "Haya. Kama hilo ni lako, la ndugu yangu liko wapi?"

Kinyozi akatazama chini. Watu wakamgeukia mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ametazama miguu yake. Neno moja lingetosha. Angesema tu, "Yalikuwa mawili, jingine liko ndani." Hakusema.

Baba, mtaa wetu unaujua. Haukuhitaji kuambiwa mara mbili. Kufika jioni ile kinyozi alikuwa amekuvua koti ungali hai, kufika Jumatano alikuwa amekuvua kwa nguvu. Asubuhi moja alikuta mlangoni kwake pameandikwa KOTI kwa chaki. Akafuta. Kesho yake pameandikwa tena. Wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda kunyolewa kwa yule kijana wa kona, anayekata watu masikio. Wengine walikuwa wamenyolewa na kinyozi tangu hawajaota meno. Mwaka mzima mama alikuwa anapita dirishani, anamwona amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, anasoma gazeti la jana, na hakufungua mdomo.

Kazini kwa mama, kule anakopiga pasi mashuka ya hospitali, wenzake walimwambia, "Pole, wanaume ndivyo walivyo, rafiki wa kula tu." Alipiga pasi. Mmoja alimwambia, "Angalau alikufa akifanya anachokipenda." Huyo mmoja alimjibu. Alimwambia, "Na wewe ukifa ukila, tutasema hivyo hivyo?" Basi wakamwacha.

Koti alilificha kwenye sanduku, chini ya mablanketi. Bi Mkubwa alimlisha kila siku, huku uso ameugeuzia ukutani.

Majuma mawili yaliyopita gari la mizigo lilisimama mbele ya duka la kinyozi. Vijana wawili wakatoa kiti kimoja cha kunyolea, kile kizuri chenye miguu ya chuma, wakakipandisha nyuma. Mama aliona yote dirishani. Akamuuliza jirani, akaambiwa: anahama. Anakwenda kwa binti yake. Kiti cha pili na kioo vitafuatwa baadaye.

Mama alivuka barabara na aproni yake, mikono ina unga. Alimkuta kinyozi anafunga mikasi kwenye taulo.

"Karibu, shemeji. Kiti kimebaki kimoja, kaa."

"Sikuja kukaa."

"Basi simama."

Mama akafuta unga kwenye aproni. "Koti la mume wangu halikupanda mlima. Lilibaki nyumbani. Ninalo."

"Najua," kinyozi akasema.

"Unajua nini?"

"Najua kwamba lilibaki. Aliniambia mwenyewe. Mvua ilipoanza nilimwambia avae koti, akacheka. Akasema liko nyumbani limekaa juu ya mizani linasubiri kuhudumiwa. Nikavua langu nikampa. Akanivisha tena, akanifunga vifungo kimoja kimoja kama mtoto, kwa sababu ya pumu yangu. Akasema mimi ndiye nitakayeleta watu, nikianguka njiani tumekwisha wote. Halafu akasema, mama watoto asijue habari ya koti, atanichinja."

"Ukanyamaza."

"Nilimwahidi. Na nilidhani hujui, shemeji. Nilidhani umelikuta karakana siku nyingi baadaye, huelewi kwa nini liko hapo. Nikasema mwanamke amefiwa, nimwongezee na hili, kwamba mumewe alilitoa kwa mkono wake? Nikasema yatapita."

Mama alipaza sauti, tulimsikia mpaka huku. "Wanakuita mwizi! Mwaka mzima unaitwa mwizi wa koti la marehemu, mlango wako unaandikwa chaki, watoto wanakuimba njiani, umekaa kimya! Una akili wewe?"

"Na wewe, shemeji?" akasema kinyozi. "Wewe uliyekuwa nalo ndani?"

Hakupandisha sauti. Mama anasema afadhali angepandisha. Akaanza kuomba radhi, kinyozi akainua mkono wenye mkasi.

"Usiniombe radhi humu ndani, tuko wawili na kioo. Humu sikutukanwa. Nilitukanwa barabarani."

Ndiyo sababu ya tangazo hili, na ndiyo sababu ni refu.

Baba mkubwa alipopata habari alikuja mbio, hata viatu hakufunga kamba. Alisema tutaiaibisha familia. Alisema watu watacheka, fundi mizani kauawa na mizani. Alisema, "Shemeji, fikiri. Mtaa utasemaje?"

"Utasema," mama akamjibu. "Si wewe uliyeufundisha kusema?"

Akasema jina lake lisitiwe. Mama akamwambia hilo tutaliangalia.

Basi tunasema wazi, kila mtu asome. Makoti yalikuwa mawili. Mama ndiye aliyeyanunua, yote mawili, siku moja, duka moja. Kinyozi alishuka mlimani na la kwake. Alijaribu kukupa, ukakataa. Alikimbia njia ambayo kijana angetembea, akiwa na pumu, akakuletea watu, na kama utaratibu wa lango ungekuwa na haya kidogo angekuletea mapema. La kwako liko hapa. Tangu wiki iliyopita limetundikwa kwenye msumari wa mlango wa karakana, upande wa barabarani. Aliyeandika kwa chaki aje alitazame. Alete na chaki yake.

Tulidhani tumemaliza hapo. Jana, mezani, mama alikuwa anasema na binti yako anaandika, kimebaki kipande kidogo tu, kueleza jinsi koti lilivyoonekana. Mama akasema, "Andika: nililikuta jioni, nilipoingia karakana kuwasha taa."

Ikaandikwa. Mama akainama akasoma. Akasoma tena.

"Futa jioni."

"Mama?"

"Futa. Andika asubuhi."

Binti yako akaweka kalamu chini. Mama akavuta kiti, akakaa, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuandika. Aliyasema yote kwa mkupuo, akitazama kitambaa cha meza, na haya ndiyo aliyosema.

Ulipotoka alikuwa jikoni, anasikia unavyofunga mikanda, anangoja uage ili akatae kuitika. Hukuaga. Saa mbili kasoro robo aliingia karakana kuchukua ufagio, akaliona koti limekaa kwenye sahani, mshale umesimama kwenye kilo moja na gramu mia mbili. Alielewa papo hapo. Alielewa ulichokifanya na kwa nini umekifanya, maana amekaa nawe miaka thelathini na mmoja. Akalinyakua, akatoka nalo mpaka kizingitini.

Mlikuwa bado mnaonekana. Bi Mkubwa alikuwa anatembea polepole, mmefika tu mbele ya duka la mikate. Kinyozi alikuwa anakuonyesha kitu kwa kidole, wewe umetupa kichwa nyuma unacheka. Mama akawatazama mnavyocheka. Akaikumbuka ile wiki nzima, mbeleko, na usiku wa kugeuziana migongo. Akasema kwa sauti, peke yake, "Basi na inyeshe. Inyeshe, utie akili."

Akarudi ndani. Akaliweka koti juu ya sahani vile vile lilivyokuwa, mkono huku, kola kule, ili utakaporudi umelowa liwe ndilo kitu cha kwanza utakachokiona, uaibike.

"Nilitaka alowe tu," mama akasema. "Alowe, arudi anatetemeka, nimpe chai nimcheke. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumwambia."

Tukamuuliza kama kweli anataka haya yachapwe. Tukamwambia kinyozi ameshasafishwa, inatosha, hili halimhusu mtu.

"Mwaka mzima nilinyamaza ili lisijulikane hili," akasema. "Sikunyamaza kwa ajili ya aibu ya baba yenu, msidanganyike. Mkiliacha hili, mtu wa watu atakuwa ametukanwa mwaka mzima bure, na mimi nitabaki mjane mwema. Andika. Na andika kwamba hata kukimbia haikuhitajika. Mwandikie: ningekuita tu, ungesikia."

Imeandikwa, baba.

Tumekukasirikia, na mama amejikasirikia zaidi, na hatujui hasira hizi zitakwisha lini. Nyumba bado inanuka mafuta yako ya mashine. Mawe ya shaba hakuna aliyeyagusa kwa kidole. Juzi zahanati walituma mtu kuuliza nani sasa atatengeneza mizani ya watoto, na binti yako akalia mbele ya mgeni, akaaibika, mgeni naye akalia.

Wanaokukumbuka ni mkeo, aliyelishika koti mkononi akalirudisha. Ni binti yako na mumewe. Ni wajukuu wako wawili, ambao bado wanadai kupimwa. Ni mjomba mwenye bucha. Ni kaka yako mkubwa, ambaye ameomba asitajwe. Na ni kinyozi, rafiki yako wa Jumapili za miaka kumi na tisa, ambaye hakuchukua kitu cha mtu. Yeye tumemweka kwenye orodha ya ndugu bila kumuuliza, na akikasirika atakuwa na haki.

Gari la kufuata kiti chake cha pili linakuja Jumatatu. Tangazo hili linatoka Jumamosi. Jumamosi hiyo, kuanzia saa mbili asubuhi, mama atakuwa amekaa kwenye benchi la nje ya duka la kinyozi, pale ambapo mtaa mzima lazima umpite na gazeti mkononi. Amesema hatajifunika uso. Mwenye nywele aingie ndani akanyolewe. Mwenye neno amwambie mama, si kinyozi.

Sisi hatutakusahau, baba, siku zote tutakazojaliwa.